Tuma kwa watu 10, la sivyo…

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia ting ting ting, nikadhani kuna msiba, kumbe ni shangazi, "tuma kwa watu 10 kabla jua halijazama, kuna mwanamke alipuuza akafutwa kazi." Mwanamke gani jamani? Kazi gani? Hana jina, hana mji, ila amekuwa akifutwa kazi tangu enzi za SMS!

Na si mnakumbuka 2020, korona imeingia tu Kenya, watu wakaamshana usiku kwa simu kijiji hadi kijiji, eti kuna kichanga kimezaliwa kikaongea, kikasema tunywe strungi, ile chai ya rangi, bila sukari kabla hakujakucha halafu kikafa? Majiko yakawashwa saa nane usiku! Mimi pia nilikunywa, msinicheke, nani alitaka kufa kwa kukosa kikombe cha chai? Asubuhi kazini tunasinzia kama kuku wa kideri, bosi mwenyewe macho mekundu.

WhatsApp walijaribu, 2019 wakaweka mwisho wa kusambaza ujumbe uwe gumzo 5 kwa mkupuo, 2020 zile jumbe zenye mishale miwili, yaani zilizokwisha kusambazwa mara nyingi, zikawa za gumzo moja moja. Shangazi akakoma? Wapi! Anatuma moja moja kwa subira ambayo hata shambani hana, grupu la harusi, la chama, la mazishi ya mtu aliyezikwa 2021 na hakuna anayethubutu kutoka.

Nikimuuliza shangazi hii umeitoa wapi, ananijibu, "Wewe tuma tu mwanangu, kutuma kunapunguza nini?"

Bando, shangazi. Kunapunguza bando.