Saa Mbili ya Busan

Nilipomaliza kuzijua herufi za Kikorea nilijiona nimefika. Za msingi ni 24 tu, na Mfalme Sejong alizitunga mwaka 1443 ili hata asiye msomi azishike upesi. Mimi nilizishika kwa wiki moja, ndani ya daladala. Kilichobaki ni mtu wa kuongea naye, na Sinza ninakokaa sijawahi kupishana na Mkorea hata kwa bahati mbaya.

Kuna siku nilimvamia mwenye duka mmoja Kariakoo. Nikainama mpaka pochi ikanidondoka: "Annyeonghaseyo!" Akanitazama juu mpaka chini, kisha akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Dada, mimi Mchina. Hilo begi elfu thelathini, halipungui."

Mwishowe nikampata wa kwenye simu, kwenye programu ya kubadilishana lugha. Mzee wa Busan, mji wa huko Korea Kusini, baharia mstaafu aliyewahi kutia nanga Dar na Mombasa enzi za ujana wake, sasa anataka Kiswahili. Tuliandikiana wiki tatu, yeye ananipa salamu, mimi nampa ngeli. (Tulipofika KI-VI alinyamaza siku mbili, nikaanza kumwombea.) Jumatano akaandika: kesho tuongee kwa sauti, "du si". Saa mbili.

Hapa naomba nijitetee. Korea imetutangulia kwa saa sita. Na sisi Waswahili, mshale ukiwa kwenye nane tunasema saa mbili, yaani nasi tumepishana na mshale kwa saa sita zilezile. Piga hesabu: saa yetu ya mdomoni ndiyo saa yao ya ukutani! Nilipoligundua hilo niliruka kitandani. Saa mbili ni saa mbili, Dar mpaka Busan, kikokotoo cha nini? Nilichosahau ni kwamba siku moja ina saa mbili mara mbili. Mzee alimaanisha mchana wa kwao, ambao kwetu ni asubuhi. Mimi nikasubiri usiku, nimeshakula, nimeshaoga, nimevaa na kofia ya kulalia.

Na nilikuwa nimejiandaa, msinione hivi. Mkorea akishika simu husema "yeoboseyo", ndiyo haloo yao. Nilikuwa nimesoma kwamba marafiki huondoa mikia ya heshima, ndiyo maana "annyeonghaseyo" inabaki "annyeong". Kumkatia mkia mzee wa miaka sitini na ushei ni sawa na kumsalimia babu yako "mambo vipi", lakini alishaniita rafiki, kichwa kikavimba. Nikakata mkia na huku: "yeobo". Nikaukata na kwenye "umekula?", maana wenzetu hujuliana hali kwa kuulizana kama mtu amekula.

Simu ikaita weee. Ikapokewa. Kimya, pumzi tu. Nikawahi:

"Yeobo! Bap meogeosseo?"

Sasa, "yeobo" si haloo fupi. Nilikuja kuelezwa baadaye. Ni neno la mtu na mwenza wake wa ndoa. Nilichokisema kwa bashasha zote, usiku wa manane wa Busan, ni: "Mume wangu! Umekula?" Na aliyepokea ni mkewe.

"Nuguseyo?" sauti ya kike ikauliza taratibu, ule utaratibu wa mtu anayepapasa chini ya kitanda kutafuta kitu kizito.

Nikafurahi! Hilo nalijua, somo la tatu: wewe ni nani? Nikateremka na sentensi niliyoikariri: "Jeoneun haksaengieyo." Mimi ni mwanafunzi. Halafu, kwa kuwa adabu ninayo, nikaongeza kwamba nimefurahi kukutana naye.

Nikasikia kishindo, mlango, maneno ambayo hayamo katika somo lolote. Simu ikageuka ya video. Mama mmoja, nywele timutimu, na nyuma yake mzee wangu, ndiyo kwanza namwona sura, yuko na fulana ya ndani, mikono juu, akimwaga Kiswahili chote nilichomfundisha: "Kitabu! Vitabu! Samahani!"

Mama yangu akatoka jikoni na mwiko. "Unampigia nani kelele usiku huu?" Akawaona kwenye kioo, akajifunika khanga vizuri. "Ee, umewaamsha wenzio? Mwenzangu, nisamehe, huyu ndivyo alivyo tangu mdogo."

Hakuna aliyeelewa. Lakini yule mama wa Busan aliutazama mwiko, akaitazama kofia yangu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, ndipo mzee naye akathubutu kushusha mikono.

Siku hizi tunaongea kila Jumamosi, saa mbili asubuhi ya kwetu. Mzee hapewi simu mpaka zipite dakika kumi. Anayepokea ni mkewe, na kabla sijafungua mdomo ananiwahi, kwa Kiswahili:

"Mume wangu! Umekula?"