Kabla hamjauza umeme, tuonyesheni mkataba

Kampeni nyingi za kupinga ubinafsishaji wa umeme zinapotea njia siku ya kwanza. Mzungumzaji anashika kipaza sauti, analisifia shirika la umma kuwa ni mali yetu, ni jasho la wazazi wetu. Pale pale msikilizaji anakumbuka alivyozungushwa mwaka mzima kwa ajili ya nguzo moja, na yule fundi aliyemwambia "ongea vizuri" kwanza. Huyo umeshampoteza. Upande wa pili hauna hata haja ya kujibu, giza la jana usiku limeshawajibia.

Mimi napinga umeme kubinafsishwa, na nakiri kwamba mashirika mengi ya umma yanaudhi. Sioni mgongano hapo. Ninachouliza ni nani atabeba hasara mambo yakiharibika. Jibu lake limo kwenye mkataba, tena mara nyingi kwenye kurasa ambazo mlipa bili haonyeshwi.

Tuitazame Uganda, kwa sababu pale jaribio lilifika mwisho wake. Bodi ya umeme ya nchi hiyo, UEB, iligawanywa mwaka 2001 ikawa kampuni tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Usambazaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005. Tuseme ukweli, kampuni ile ilifanya kazi. Upotevu wa umeme, ambao mwanzoni ulikuwa zaidi ya theluthi moja, ulishuka hadi chini ya asilimia 20, na wateja wakaongezeka mara kadhaa. Mwanakampeni anayeficha hayo ataumbuliwa mbele ya watu.

Lakini mkataba uliiruhusu kampuni kupata faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliowekeza, na faida hiyo ikaingizwa kwenye bei anayolipa mteja. Hebu fikiria biashara ya namna hiyo: mteja hana pengine pa kwenda, na faida imeshaandikwa. Tunaambiwa kila siku kwamba mwekezaji anastahili faida kwa sababu amejitosa kwenye hatari. Hatari ipi hapo? Mkataba ulipoisha Machi 2025, serikali ililipa zaidi ya dola milioni 100 kwa mtaji ambao kampuni ilikuwa haijaurudisha. Kampuni ikasema haitoshi, ikapeleka madai yake kwa wasuluhishi London. Vifungu vya malipo hayo vilikuwemo tangu mwanzo. Wakati wa kuvipigia kelele ulikuwa kabla ya sahihi.

Tanzania tuna la kwetu. Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa NetGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga vikali, na mameneja wapya wakaingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Makusanyo yalipanda kweli, wadaiwa sugu wakakatiwa, zikiwemo ofisi za serikali. Kisha ukaja ukame, mabwawa yakashuka, na mwaka 2006 nchi ikawa kwenye mgawo mkali. Mwaka huo huo mkataba ukafikia mwisho. Sisemi kampuni ndiyo iliyozuia mvua. Nasema kukusanya bili ni kazi moja na kujenga mitambo ni kazi nyingine, na wageni waliletwa kwa ile ya kwanza tu, ile ambayo fedha zake zinaonekana haraka. Ya pili ilibaki kwa serikali, yaani kwetu.

Hapa pia ndipo neno "ushindani" linaponichekesha. Waya unaoingia nyumbani ni mmoja. Hakuna atakayesimamisha nguzo tatu za kampuni tatu mlangoni pako uchague. Anayepewa usambazaji anapewa ukiritimba. Ukiritimba wa umma walau una mbunge wa kuufokea.

Na huo nao unaweza kugeuka. Eskom ya Afrika Kusini ni mali ya serikali, ila mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Soweto walikatiwa umeme kwa wingi kwa sababu ya madeni. Wakazi wakaunda kamati yao na kuanza kuunganishiana umeme wenyewe. Sipendekezi mtu apande nguzo, waya hauna itikadi. Ila tukio lile linaonyesha kwa nini kampeni ya "msiuze" peke yake haitoshi. Shirika linaweza kubaki mikononi mwa umma na bado likamtazama maskini kama deni linalotembea.

Kampeni ninayoipenda kuliko zote ni ya Hamburg, Ujerumani. Mji ule ulikuwa umeuza kampuni yake ya umeme, na mwaka 2002 yote ilikuwa mikononi mwa Vattenfall ya Sweden. Wanaharakati wa mazingira, watetezi wa walaji na watu wa kanisa hawakupoteza muda kulilia ya zamani. Waliangalia tarehe: kibali cha kampuni kuendesha mtandao wa umeme kilikuwa kinaisha 2014. Wakakusanya sahihi hadi ikaitishwa kura ya maoni Septemba 2013. Meya na chama chake walipinga, wafanyabiashara wakubwa walipinga. Asilimia 50.9 walisema ndiyo, mji ununue mitandao yake. Ule wa umeme ulirudi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kama kwenu bado hawajasaini, ombeni mkataba wote, pamoja na viambatisho, na mtafute mhasibu wa kuwasaidia kuusoma. Kama wameshasaini, tafuteni tarehe ya mwisho. Ikiwa imebaki miaka mitatu, kazi ya kukusanya sahihi inaanza mwezi huu.