Maonyesho ya nuru yaanze na giza

Ukipewa ukumbi jijini Nairobi uandae maonyesho ya nuru, vivuli na picha zinazosogea, usikimbilie kununua skrini za kugusa. Mtoto wa hapa skrini anazo nyumbani. Anza na chumba chenye giza totoro na tundu moja.

Hata kontena inafaa. Ziba madirisha kwa katoni, kisha bandika utepe mweusi kwenye kila ufa. Ule wa chini ya mlango ndio husahaulika. Toboa tundu la milimita 10 kwenye katoni ya dirisha na utundike shuka jeupe mita 2 kutoka hapo. Jengo la mikutano la KICC, katikati ya jiji, lina urefu wa mita 105. Likiwa umbali wa mita 300, nuru inayopita tunduni itachora picha yake kichwa chini kwenye shuka, kimo sentimita 70, na matatu zitapita huko juu karibu na dari, rangi zake zote zikionekana. Tundu likipanuliwa, picha hung'aa lakini kingo huvurugika. Likibanwa, picha hukaza ila giza huzidi. Asubuhi tumia dirisha linalotazama magharibi, ili jua limulike kile unachotaka kukiona. Mawingu ya Julai yakitanda, ngoja saa sita.

Kinachoharibu kazi hasa ni haraka. Wanafunzi huingizwa, dakika moja tu, "haya tokeni, wenzenu wanangoja!" Jicho lililotoka juani halijazoea giza bado, kwa hiyo mtoto atakuapia hakukuwa na kitu. Wape dakika 5 hadi 10, hata kama makundi yatapungua. Simu zizimwe (za walimu pia), maana mwanga wa moja tu huwarudisha wote mwanzo.

Baada ya hapo, zoetropu, chombo cha kuzifanya picha zionekane zikisogea, alichokieleza mwanahisabati Mwingereza William Horner mwaka 1834: pipa jeusi lenye mianya 12 ya milimita 4, na ndani ukanda wa manila wenye picha 12 za mchezaji wa mpira, kila moja tofauti kidogo na iliyotangulia. Lizungushwe mara moja kwa sekunde. Ukichungulia kupitia mianya unamwona akicheza; kwa juu unaona ukungu mtupu. Mwanya ndio huikata kila picha kabla haijaburuzika machoni. Weka picha 13 kwa mianya ileile 12, na mchezaji wako wa mpira ataanza kutembea akilizunguka pipa. Usiandike sababu ukutani. Waache wahesabu.

Fungeni beringi nzuri chini ya pipa. Watoto watalizungusha kwa nguvu zao zote, na msumari ukitumika kama ekseli utapinda mapema.