Miguu inayowaka usiku na kidonge cha dola 15

Mama mdogo anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, na kisukari anacho miaka mingi. Ikifika saa nane usiku hutoka kitandani, akakanyaga saruji ya ukumbini kwa sababu ya ubaridi wake, akakaa hapo mpaka adhana ya alfajiri. "Mwanangu, ni kama nimekanyaga makaa," huniambia. Shuka likimgusa vidole tu, anashtuka.

Ndiyo maana habari za suzetrigine, dawa mpya ya maumivu, nilizisoma kwa hamu. Neva hupeleka taarifa ya maumivu kwa umeme, na umeme huo huanza pale sodiamu inapoingia kupitia vijilango vidogo, vya aina 9. Sindano ya ganzi ya meno hufunga vijilango hivyo bila kuchagua, ndiyo maana mdomo mzima unakufa ganzi. Suzetrigine, ya kampuni ya Vertex ya Boston, inalenga aina moja, NaV1.8, iliyo kwenye neva za maumivu nje ya ubongo. Haipiti njia ya mofini, yenye hatari ya uraibu.

Januari 2025 Marekani iliiidhinisha, lakini kwa maumivu ya ghafla, kama ya baada ya upasuaji. Kwa maumivu ya neva zilizoharibika, kama kisukari kinavyoziharibu za miguuni, ni dawa ya majaribio bado, na hapo ndipo habari zinazosambazwa hukatwa katikati.

Katika jaribio la wagonjwa wa kisukari wenye maumivu hayo, baada ya wiki 12 maumivu yalishuka kwa zaidi ya pointi 2 katika kipimo cha 0 hadi 10, karibu sawa na waliotumia pregabalini, dawa inayotumika tayari kwa maumivu ya neva. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi la kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, la kulinganishia. Kwa maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni kundi hilo lilikuwepo: waliopewa dawa walishuka pointi 2.02, waliopewa kidonge kitupu 1.98. Wanaoitetea wanasema katika majaribio ya maumivu kidonge kitupu mara nyingi huleta nafuu kubwa, na hilo ni kweli. Hata hivyo, kwangu namba hizo ni nzito.

Utafiti uendelee, nautaka kwa moyo wote. Pregabalini huleta kizunguzungu na kuvimba miguu. Kwa mama anayebeba ndoo za dagaa kwenye mawe yenye utelezi, si jambo dogo. Lakini kidonge kimoja cha suzetrigine Marekani ni dola 15.50, na humezwa kila baada ya saa 12. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu 70 kwa siku.

Wakati huohuo amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo nayo hugusa vijilango vya sodiamu, ipo. Mama mdogo aliandikiwa dozi ndogo ya usiku. Muuzaji wa duka la dawa akamwambia hiyo ni ya wagonjwa wa akili, naye mama akaitupa. Miezi kadhaa akanunua diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, isiyosaidia sana maumivu ya neva na inayoweza kuumiza figo ambazo kisukari kimeshazitishia. Hakuna aliyekaa naye dakika tano kumweleza kwamba dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili: ya sonona, na ya maumivu ya neva. Nesi mmoja ndiye aliyefanya hivyo baadaye.

Ameirudia. Analalamika mdomo unamkauka, na asubuhi anaamka mzito. Juzi nilifika kwake saa kumi na moja alfajiri tuwahi mwaloni, nikamkuta bado amelala, shuka limemfunika mpaka vidoleni.