Bembea za dei kea zinahitaji watu wa kazi hiyo

Kijana wa Mbeya akifikiria biashara ya usafi, mawazo yake huenda kwenye kuosha magari, kufua makapeti au kudeki ofisi za watu. Mimi ningemwelekeza kwenye geti la kituo cha kulelea watoto mchana. Pale uani kuna bembea, mtelezo, matairi yaliyofukiwa nusu na mchanga wa kuchezea, na vyote vinashikwa, vinalambwa na kukojolewa kutwa nzima. Nani anavisafisha? Mara nyingi ni dada yuleyule anayenywesha uji, kubadilisha nepi na kubembeleza wanaolia. Kumwongezea ndoo na brashi ni kumwonea, na watoto wanaonewa pia, maana muda anaosugua ndio muda asiowatazama.

Huku nyanda za juu kazi hii ina kalenda yake. Masika mbao hazikauki, ukungu wa kijani unaota kwenye ngazi za mtelezo, mtoto anakanyaga na kuanguka. Tukuyu ndiyo usiseme. Juni na Julai ukiosha jioni, kesho yake asubuhi watoto wanakalia chuma kilicholowa na baridi ile mnaijua. Septemba ni vumbi. Kwa hiyo siku nzuri ni Jumamosi, jua likishapanda, mvua ya mchana haijafika.

Kinachonikera ni usafi wa kunusa. Mtu anamwaga dawa ya klorini juu ya tope, uwanja unanukia, analipwa, anaondoka. Klorini ikikutana na uchafu nguvu yake inaishia hapohapo. Anza na maji, sabuni na brashi ngumu, suuza, ndipo uje na dawa. Ile ya dukani yenye asilimia 3.5 ya klorini, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, inakupa asilimia 0.1, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa kusafishia vitu vya kawaida vinavyoshikwa wakati wa Uviko mwaka 2020. Ichanganye siku hiyohiyo, iache dakika kumi, kisha suuza vizuri, kwa sababu inakula chuma na midomo ya watoto itapita hapo. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hewa inayotoka ni sumu.

Na kuna kitu ambacho klorini haikiwezi: mayai ya minyoo ya askaris. Hayo yanaondolewa kwa kusugua na kusuuza. Mchanga nao ufunikwe kwa turubai kila jioni, paka wasiugeuze choo, na ubadilishwe ukichafuka. Matairi yatobolewe chini, maji yasituame yakazalisha mbu.

Mkono unaosugua ndio unaokutana kwanza na nati iliyolegea, mnyororo uliolika, mbao yenye kibanzi. Andika kwenye daftari, mpe mwenye kituo nakala, mwambie bembea ipi isitumike mpaka fundi aje. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko povu lote.

Mtaji si mkubwa. Brashi, ndoo, glavu, mabuti, spana, sabuni. Msikope kununua mashine ya maji ya presha, inabandua rangi na kuloweka mbao. Namba ya mlipakodi TRA wanaitoa bure, leseni ni ya halmashauri. Mkiwa kikundi, ulizeni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Kituo chenye watoto kumi na watano hakitaweza bei ya shule kubwa, kwa hiyo unganisheni vituo vitatu vya mtaa mmoja, tuseme Ilomba au Sae, Jumamosi moja, nauli moja. Shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kila kituo naiona bei ya haki, na ada ya wazazi inaweza kuibeba.

Vituo hivi vinasajiliwa na kukaguliwa na ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Atatokea mwenye kituo atakayekupigia simu jioni: kesho afisa anakuja, njoo umwage dawa tu, panukie. Mkatalie, hata kama mwezi huo hujapata mteja mwingine. Mwambie utakuja Jumamosi na brashi.