Shakuntala Devi na sekunde 28 zilizomfunika

Tangu Shakuntala Devi afariki Bangalore mwezi Aprili 2013, ubishi mmoja haujaisha: alikuwa mwanahisabati, au alikuwa hodari wa kukokotoa tu? Wanaomnyima jina hilo wana hoja nzito. Hisabati ni kazi ya kuthibitisha, nao hawaoni kanuni mpya aliyoiacha. Mwanahisabati wa kike wa India, watakuambia, ni mtu kama Raman Parimala, bingwa wa aljebra aliyetoa mhadhara katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati mjini Hyderabad mwaka 2010. Hapo siwabishii.

Ninachobisha ni ushahidi, maana wanaomsifu na wanaombeza huishia kutaja siku ileile. Tarehe 18 Juni 1980, katika Chuo cha Imperial, London, alipewa namba mbili zilizochaguliwa bila mpango, kila moja ikiwa na tarakimu 13, akazizidisha kwa sekunde 28 na kutoa jibu lenye tarakimu 26. Anayefuata njia tuliyofundishwa shuleni ana mazao madogo 169 ya kutafuta kabla hajaanza kujumlisha, yaani sita kwa kila sekunde, na hatujahesabu muda wa kutamka jibu. Si ajabu wapo waliotia shaka. Lakini hata tukizikubali sekunde zote 28, tumepata nini? Kasi na kumbukumbu, basi. Kumpima kwa siku hiyo ni kumpima kama mashine, na ndivyo lilivyomganda jina la “kompyuta ya kibinadamu”, ambalo mwenyewe hakulipenda.

Mimi ningeanzia Dallas, mwaka 1977, alipotakiwa kutafuta kipeuo cha 23 cha namba yenye tarakimu 201. Alijibu 546,372,891 kwa sekunde 50, ilhali kompyuta ya Univac ilitumia sekunde 62. Habari ikasimuliwa kama mashindano ya mbio, na umbo la namba yenyewe likasahaulika. Kipeuo kikiwa namba kamili ya tarakimu tisa isiyogawanyika kwa 2 wala kwa 5, kama kilivyokuwa hiki, tarakimu tisa za mwisho za namba ile kubwa zinatosha, kinadharia, kulipata jibu zima. Zile 192 za mbele ni kama pambo. Sidai kwamba ndiyo njia aliyoipitia. Nasema tu kwamba swali hilo, tofauti na lile la London, lina mlango wa nyuma, na mlango huo hauonekani kwa kasi.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Arthur Jensen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimpima, na katika vipimo vya kawaida vya wepesi wa kuitikia hakuona maajabu. Ila alipompa 61,629,875 atafute kipeuo cha tatu, alijibiwa 395 kabla hajamaliza kuiandika namba hiyo kwenye daftari.

Hebu tuichukue namba hiyo kwa utulivu. Inaishia na 5, kwa hiyo jibu linaishia na 5. Milioni 61 iko kati ya 27 na 64, ambazo ni vipeo vya tatu vya 3 na 4, kwa hiyo jibu linaanza na 3. Imebaki tarakimu ya katikati. Jumla ya tarakimu za namba ni 44, ambayo ukiigawa kwa 3 hubaki 2. Namba na kipeo chake cha tatu huwa na baki ileile zikigawanywa kwa 3, basi hapo katikati panaweza kukaa 0, 3, 6 au 9 tu. Na kwa kuwa 61 imeikaribia mno 64, ni 9.

Wanaombeza huita mambo ya namna hii ujanja. Wanafunzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza hufundishwa ujanja huohuo kwa jina la nadharia ya namba, na Shakuntala, binti wa mfanyakazi wa sarakasi, hakuwa na elimu rasmi.