Nafasi ya diski isigawiwe yote siku ya kwanza

Nina msimamo mmoja kuhusu seva ndogo za ofisi zetu hapa Lamu, na watu wanaoniita kuzitazama wameshauzoea: nafasi ya diski isigawiwe yote siku ya kwanza. Diski inunuliwe, iingizwe katika kundi la voliumu la LVM, yaani programu ya Linux ya kugawa nafasi ya diski, kisha kila kazi ipewe kiasi kitakachoitosha kwa miezi michache ijayo, na salio libaki hapo bila mwenyewe. Msimamo huu sikuutoa katika mafunzo yoyote. Niliupata kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika ofisi moja ya mtaa wa Mkomani, ambako jamaa wa ukoo mmoja walikuwa wakiskani miswada ya wazee wao.

Kazi ya kuskani hula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, kwa nukta 600 kwa inchi, na picha ikahifadhiwa bila kubanwa, huchukua takriban MB 104, kwa hiyo diski ya TB 1 hujazwa na kurasa zipatazo 9,500 tu. Niliyajua hayo, na ndiyo sababu nilipoitayarisha seva yao niliona ni busara kuipa voliumu ya picha kila kilichokuwapo. Niliitengea hifadhidata ya orodha ya miswada GB 20, kisha nikaandika amri ya kuipa voliumu ya picha asilimia 100 ya nafasi iliyobaki, nikaifomati kwa XFS, mmojawapo wa mifumo ya mafaili ya Linux (utaratibu wa kupanga mafaili ndani ya diski), nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Ili kosa hilo lieleweke, inafaa kueleza jinsi LVM inavyofanya kazi, na sijapata mfano bora kuliko nyumba zetu za mawe. Diski iliyogawanywa kwa patisheni za kawaida, yaani vipande vyenye mipaka maalumu, ni kama kiwanja kilichojengewa kuta nene za matumbawe na chokaa: ukitaka kukipanua chumba cha katikati, huna budi kubomoa. LVM, ambayo kwa Linux iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998 kwa kufuata mfano wa HP-UX, mfumo endeshi wa kampuni ya HP, huweka tabaka moja kati ya diski na mfumo wa mafaili. Diski huandikishwa kuwa voliumu halisi. Voliumu halisi moja au zaidi hukusanywa katika kundi. Na kutoka kundi hilo hukatwa voliumu za kimantiki, ambazo ndizo mfumo wa mafaili unaziona kana kwamba ni diski kamili.

Kipimo cha kukatia ni ekstenti, kipande kidogo cha diski ambacho kwa kawaida huwa na MiB 4. Wajenzi wa Lamu wa zamani nao walikuwa na kipimo chao, yaani boriti ya mkoko, na kwa kuwa boriti haikuweza kubeba dari pana sana, vyumba vyao vilibaki na upana usiozidi mita 3 hivi, hata nyumba ikiwa ya tajiri. Tofauti ni kwamba ekstenti hazilazimiki kukaa pamoja. Diski ya TB 1 ina zaidi ya ekstenti 238,000, na voliumu moja inaweza kuchukua chache za mwanzo, nyingine za mwisho, na nyingine katika diski ya pili, bila programu inayoandika mafaili kujua lolote.

Sasa kosa langu. Baada ya miezi kadhaa hifadhidata ilijaa, kwa kuwa wahusika walikuwa wameanza kuhifadhi ndani yake maandishi ya kila ukurasa yaliyonakiliwa kutoka hati ya Kiarabu, jambo ambalo hawakuniambia na mimi sikuuliza. Ikakataa kuandika. Voliumu ya picha, kwa upande wake, ilikuwa na mamia ya GB tupu. Mtu yeyote angesema nichukue kwa mwenye nacho nimpe asiye nacho, lakini mfumo wa XFS hukua tu, haupunguzwi. Ext4, mfumo mwingine wa mafaili, ingenipa njia, ingawa nayo hupunguzwa ikiwa imeondolewa kwenye matumizi na kukaguliwa, na ni lazima mfumo wa mafaili upunguzwe kwanza, voliumu baadaye; anayegeuza mpangilio huo hukata data iliyo hai. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukuza ni kazi ya dakika moja na kupunguza ni kazi ya usiku mzima, kama inawezekana hata kidogo, na kwamba mtu anayegawa yote mapema hujitoa upande ulio rahisi akajifunga kwenye ule mgumu.

Tuliagiza diski nyingine kutoka Mombasa. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikabebwa kwa mkono hadi ofisini, na kwa siku zote hizo kazi ya kuandika ilisimama. (Punda wa ofisi ya jirani alitaka kuila boksi yake mlangoni, lakini hayo si ya LVM.)

Diski ilipofika, kazi yenyewe ilikwisha kabla chai haijapoa. Amri ya pvcreate iliiandikisha, vgextend ikaiingiza katika kundi, na lvextend ikaikuza voliumu ya hifadhidata. Wengi hukwama katika hatua hii ya mwisho: wakishaikuza voliumu hutazama df, amri inayoonyesha nafasi ya mfumo wa mafaili, na kukuta ukubwa ni uleule wa jana, wakadhani amri imeshindwa. Kumbe wamenunua kiwanja cha jirani lakini ukuta wa zamani bado upo mahali pake. Mfumo wa mafaili nao unapaswa kuambiwa ujitanue, kwa resize2fs ikiwa ni ext4 au xfs_growfs ikiwa ni XFS, na yote mawili hufanyika huku watu wakiendelea kutumia seva. Afadhali zaidi ni kuiongezea lvextend chaguo la -r, ili ifanye hatua zote mbili kwa mkupuo. Binafsi sioni sababu ya mtu kuliacha.

Hata hivyo niliiondoka ofisi hiyo na wasiwasi mwingine, ambao ulinichukua muda kuukubali. Lamu ina wikio, chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa wamoja. Ni kitu kizuri, lakini kimeegemea kuta mbili, na ukuta mmoja ukianguka wikio huanguka wote, hata kama ule wa pili ungali imara. Voliumu iliyotandazwa juu ya diski mbili iko vivyo hivyo. Watu huongeza diski ya pili wakidhani wameongeza usalama, ilhali wameongeza idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika, na katika mji ambao hewa ya chumvi hula hata misumari, sipendi hesabu hiyo. LVM ni ya kugawa nafasi. Anayetaka kunusurika diski moja ikifa aweke RAID 1, ambayo huandika data ileile katika diski mbili, chini yake, na anayetaka kunusurika moto, wizi au amri yake mwenyewe ya kufuta aweke nakala rudufu nje ya jengo. Ramani ya kundi huhifadhiwa katika /etc/lvm/backup, nayo pia inafaa kunakiliwa kwingine, kwa kuwa ramani iliyofungiwa ndani ya nyumba iliyobomoka haimsaidii mtu.

Wapo wanaosema haya yote ni ya zamani, kwamba seva za kukodi hukuzwa diski yenyewe kwa kubofya. Ni kweli, na huko pvresize, amri ya kuijulisha LVM kwamba diski imekua, inatosha kulikuza kundi. Ofisi ninazozihudumia zina kisanduku kimoja chini ya meza.

Salio lisilogawiwa lina faida nyingine ambayo hutajwa mara chache. Kabla ya kusasisha programu kubwa ninaweza kuchukua snapshoti ya voliumu, yaani taswira ya hali yake ya wakati huo, na mambo yakiharibika nikairudisha ilivyokuwa. Lakini snapshoti ya kawaida huhitaji nafasi huru ndani ya kundi ili kuhifadhi kilichobadilishwa, na ikijaa hubatilika. Kundi lililogawiwa hadi ekstenti ya mwisho halina pa kuiweka. Vilevile diski ikianza kutoa dalili mbaya, pvmove huhamisha yaliyomo hadi diski nyingine seva ikiwa inafanya kazi, mradi huko kuna nafasi ya kupokea.

Seva ya Mkomani sasa ina diski mbili za TB 4 katika RAID 1, na kundi lake lilibakizwa GB 900 zisizo na kazi. Mwezi uliopita mwenye ofisi, mzee anayejua hesabu ya kila shilingi yake, aliniuliza, "Mwanangu, mbona nimelipia diski isiyotumika?" Ilitokea kwamba siku hiyo hifadhidata ilikuwa imefika asilimia 82. Nikaiongezea GB 20 mbele ya macho yake, vijana wake wakiendelea kuskani nyuma yetu bila kuinua vichwa. Akaitazama skrini kwa muda, akauliza kama hizo 880 zilizosalia zinaweza kuoza kwa hewa ya chumvi, kisha akaagiza chai.